Mkasi wa Nguo Haukati Karatasi

Mume wangu ni mtu wa maneno machache, na mimi ndiye ninayetumia yale anayoyabakiza. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka ishirini na sita bila kupungukiwa.

Yeye ni mwalimu wa lugha katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Mkasi. Jina halikutokana na nywele, maana hana. Limetokana na anavyozikata insha zao. Mtoto anaandika, "Siku moja ya Jumamosi asubuhi na mapema, jua likiwa linachomoza upande wa mashariki kama ilivyo kawaida yake, mimi pamoja na rafiki yangu mpenzi tulikuwa tunaelekea sokoni." Mwalimu anashika kalamu nyekundu, fyu, fyu, fyu, inabaki: "Jumamosi asubuhi tulikwenda sokoni." Halafu pembeni anaandika, "Jua huchomoza mashariki kila siku. Endelea."

Na ana adhabu yake, ingawa mwenyewe haiiti adhabu, anaiita zana ya kufundishia. Ukisoma insha yako mbele ya darasa lake, unasimama kwa mguu mmoja. Ruhusa ya kushusha mguu ni kwenye nukta tu. Sentensi ikiwa ndefu utamwona mtoto anayumba, anapunga mikono, mwisho anaangukia dawati la mbele kabla hajatuambia nani alifanya nini. Wenzake hoi kwa kicheko. Lakini nisimnyime haki yake: watoto wa darasa lile wanaandika vizuri, na wazazi wanajua. Tatizo ni sisi tunaokaa naye nyumbani.

Maana Mwalimu hajui kwamba kengele ya kutoka imeshalia. Namwandikia orodha ya sokoni: nyanya tano nzuri zilizoiva lakini zisiwe laini sana. Anaisoma akiwa amesimama mlangoni, anatoa kalamu, anaondoka na karatasi inayosema "nyanya 5." Anarudi na nyanya zimepondeka utadhani zimekanyagwa na gari. Nikifoka ananiangalia kwa upole wake ule unaoudhi.

"Karatasi haikusema ziwe nzuri."

"Ilisema! Wewe ndiye uliyekata!"

"Ni nani anayenunua nyanya mbaya, Fundi?"

"Wewe!"

Mwenye nyumba wetu alibandika tangazo ukutani, wapangaji wote tunaombwa kwa heshima zote na kwa unyenyekevu mkubwa tujitahidi kadiri ya uwezo wetu kutotupa taka ovyo. Kesho yake likawa limebaki "Taka zitupwe pipani," mengine yote yamepigwa mistari myekundu. Mzee wa watu alizunguka wiki nzima akiuliza ni nani aliyemchezea tangazo lake, na katika nyumba nzima kalamu nyekundu ilikuwa moja.

Halafu mazishi ya baba yake mdogo. Ukoo mzima ulimchagua Mwalimu azungumze, kwa kuwa ndiye msomi. Watu wakakaa vizuri kwenye viti, wakajiandaa. Mwalimu akasimama, akasema, "Baba mdogo alikuwa mtu mwema. Ametuachia shamba. Tusigombane." Akaketi. Tulisubiri tukidhani anatafuta kitambaa afute machozi. Kumbe amemaliza! Wifi yangu, dada yake mkubwa, mpaka leo hajamsamehe. Anasema marehemu aliishi miaka themanini na Mwalimu akamzika kwa pumzi moja. Na waligombana vilevile.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshonea kwenye baraza hii hii kwa miaka thelathini. Kazi yangu haiwezi kwenda bila maneno, kwa sababu mteja hanijii kwa ajili ya gauni peke yake. Anakuja na gauni, na mume, na mkwe, na jirani aliyemwangalia vibaya. Ukimpima kiuno kimyakimya anadhani amenenepa. Kwa hiyo nasema, nasema, nasema, na Mwalimu amekaa pale mlangoni anasahihisha madaftari, na wateja wananiuliza, "Fundi, hivi nyinyi wawili mlipatanaje?"

Tulipatana kwa suruali. Alikuwa mwalimu mgeni, kijana mwembamba, akaniletea suruali nimpunguzie urefu. Nikapunguza. Wiki iliyofuata akaileta ileile, bado ndefu kidogo, anasema. Nikapunguza. Mara ya tatu nikamwambia, "Mwalimu, nikiipunguza tena utafundisha ukiwa na kaptura." Ndipo akaniachia barua, kurasa nne, mwandiko mzuri, bahasha inanukia sabuni. Nikaitia kwenye droo ya vifungo.

Wiki tatu zikapita. Akaja, amekonda zaidi, macho yameingia ndani.

"Fundi, hujanijibu."

"Nikujibu nini?"

"Barua yangu."

Nilikuwa nimeshikilia pini mdomoni. Nikazitoa moja moja, polepole, ili nipate muda. Niliacha shule darasa la pili, mama alipougua, nikabaki kulea wadogo zangu. Namba nilizijua, maana kiuno cha mtu hakitaki kubahatisha. Herufi zilinipita. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu, hata bibi aliyenifundisha kushona hakujua. "Sijui kusoma," nikamwambia, na uso ukaniwaka.

Akasema, "Nilikuwa nauliza kama utakubali nikuoe."

"Sasa hilo ndilo la kujaza kurasa nne?"

Nawaambia, mume wangu anadai siku ile ndiyo aliyogeuka kuwa mwalimu wa kweli. Kabla ya hapo alikuwa anaandika kama wengine, nyota za moyo na mito ya mapenzi. Tangu siku ile akikutana na sentensi ndefu anaiona ile droo ya vifungo.

Tulipooana akanifundisha kusoma. Kila siku akitoka shule tunakaa mezani kwangu, cherehani tunaisukuma pembeni, na kitabu chetu cha kusomea kilikuwa barua ileile. Mstari mmoja kwa siku. Nilitumia miezi minne kufika ukurasa wa mwisho na kugundua kwamba ananiuliza jambo nililokwisha kulikubali, na tumbo tayari limeanza kuchomoza.

Sasa niwaambie kilichotokea mwaka huu.

Chuo cha ufundi kilicho karibu na kituo cha mabasi kilitangaza nafasi ya mwalimu wa ushonaji. Cheti si lazima, lilisema tangazo, uzoefu unatosha, ila kila mwombaji aandike insha: Kwa nini unataka kufundisha? Maneno yasizidi mia mbili na hamsini. Ifikishwe kwa karani kabla ya saa kumi jioni siku ya Ijumaa.

Nililisoma tangazo lile mara saba. Sikumwambia mtu mara sita za kwanza. Mimi, mwanamke wa darasa la pili, nisimame mbele ya ubao! Nilikuwa naitaka kazi ile mpaka nikawa nachoma pini kwenye kidole changu badala ya kitambaa. Miaka yote mtu akisema "Mwalimu" pale barazani, anaitika yeye. Nilitaka na mimi niitike, hata mara moja kabla sijafa.

Nikanunua daftari. Nikaandika kwa siku nne. Zikatoka kurasa kumi na moja, na niwe mkweli, nilijionea huruma mwenyewe nilipozisoma, nikalia kidogo kwenye ukurasa wa tano. Jumamosi nikampa Mwalimu.

Alifunua, akafunua, akafunua.

"Fundi, ukurasa wa sita, bado wadogo zako hawajazaliwa wote."

"Si ni lazima wajue nimetoka wapi?"

"Wanataka kujua unakwenda wapi. Niachie nikusaidie."

"Kata mafuta," nikamwambia, "lakini nyama uiache."

"Ndiyo kazi yangu," akasema, na mimi nikalala usingizi mzuri. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Jumapili mchana nilikwenda kumjaribisha mteja gauni kwake. Niliporudi, insha ilikuwa mezani. Ukurasa mmoja safi, sentensi zangu zimebandikwa kwa gundi moja chini ya nyingine, mistari imenyooka. Chini ameandika kwa penseli: 249. Nikasema ahsante, nikaenda kuinjika chai. Sikushuku kitu.

Jumatatu asubuhi nilitandika satini ya mteja anayemwoza bintiye. Satini nyeupe, laini, ya kuagizwa. Nikachukua mkasi wangu.

Lazima niwaeleze habari za mkasi huo, na Mwalimu akitaka akate sehemu hii atakutana na mimi. Ni mkasi mkubwa mweusi, mzito, niliachiwa na bibi aliyenifundisha kazi. Aliniachia na sharti moja tu: usikate karatasi. Fundi yeyote atakwambia. Karatasi inaua makali, na mkasi uliokufa makali haukati nguo, unaitafuna. Wanangu wawili walikua wakijua kwamba moto unaunguza, umeme unaua, na mkasi wa mama haugusi karatasi. Kwa miaka ishirini na sita Mwalimu alikuwa akipita mbali na mkasi ule kana kwamba ni mbwa wa jirani.

Basi nikaingiza satini, nikabana. Kraa! Kitambaa kikajikunja katikati ya makali, kikatoka na nyuzi zimechanika. Nikajaribu tena. Kraa! Nikauinua mkasi kwenye mwanga wa dirisha, na pale kwenye kiungo, karibu na msumari, nikaona kijipande cheupe. Nikakitoa kwa sindano. Kilikuwa na herufi mbili, za mwandiko wangu.

Hasira hasara, wanasema. Mimi siku ile sikuwa na muda wa kufikiria methali. Nilitoka vilevile, futi ya kupimia shingoni, mkasi mkononi, nikakatiza soko zima. Muuza mkaa akaniuliza, "Fundi, kuna usalama?" Nikamwambia, "Bado, ila nikifika utausikia." Watu wakanipisha.

Niliingia darasani bila hodi. Watoto hamsini na wawili. Msichana mmoja alikuwa mbele anasoma insha, amesimama mguu mmoja, na aliponiona na lile limkasi alibaki hivyohivyo, mguu juu, mdomo wazi. Mwalimu akainuka kwenye kiti.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kutosha saa mbili. Nilipofika yakatoka machache tu.

"Umekata karatasi kwa mkasi wangu."

Mtoto mmoja nyuma akanong'ona, "Maneno matano," kwa heshima kubwa.

"Fundi," Mwalimu akasema, "nilikuwa nakata insha yako."

Nikageuka nikaondoka. Yule msichana nilimgusa bega nikamwambia, "Shusha mguu, mwanangu."

Kuanzia hapo sikusema naye. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Wateja walidhani naumwa. Wifi alikuja, akakaa nusu saa, akaondoka kimya kwa mara ya kwanza tangu aumbwe, akamwambia jirani kwamba nimerogwa. Mwalimu naye nikamwona anavyohangaika. Mtu aliyezoea kusikiliza redio, ukiizima ghafla hata kijiko kinamkera. Akaanza kujisemesha. "Leo kuna joto," anasema. Mimi kimya. "Kweli, joto kali sana, tena la ajabu, halijapata kutokea," anajijibu. Nikasema moyoni, ehe, utamu wa maneno umeanza kukujia.

Jumatano mchana, akiwa shule, nilikaa nikaisoma ile insha kwa utulivu. Ilikuwa insha safi. Mama yule aliyekuwa ndani yake ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu na uzoefu wa miaka thelathini. Mtu wa maana kabisa, lakini simjui. Ningekutana naye njiani ningemwamkia nikapita.

Nikatafuta vilivyokatwa. Mwalimu hatupi kitu. Nilivikuta kwenye kopo la biskuti ninamowekea nyuzi, vipande vyembamba vya karatasi, vimekunjwa pamoja na kufungwa kwa uzi mwekundu. Nikavimwaga mezani, nikaanza kuvisoma. Mama kuugua, hewala, hilo ni refu. Wadogo zangu, sawa. Mteja aliyetapika juu ya velveti, haya, hilo ningeweza kuliacha mwenyewe. Lakini kadiri nilivyosoma niliona jambo. Mume wangu alinifundisha herufi: kimekatwa. Mume wangu alinichorea alfabeti kwa chaki ya kushonea: kimekatwa. Mume wangu alikaa na mimi mezani kila siku miezi minne: kimekatwa. Nilivihesabu vipande kumi na vitatu vinavyomtaja, na hakuna kimoja kilichopona. Mama mzazi amebaki na mstari. Mteja wangu wa kwanza amebaki na mstari. Yeye ametoka mzima mzima, hata unyayo wake haumo.

Hapo hasira ikanichanganyikia na kitu kingine, nikakasirika zaidi.

Alhamisi alasiri akarudi mapema. Mkononi ana mkasi wangu, amefungia kwenye kitambaa safi. Alikuwa ameupeleka kwa mnoa visu wa sokoni, akasimama naye mpaka mwisho. Nikachukua kipande cha satini, nikajaribu. Ukapita kama maji. Nikauweka mezani.

Ndipo akaingiza mkono mfukoni akatoa karatasi. "Nimekuandikia," akasema. "Maana hutaki kusema na mimi."

Nikahesabu. Kurasa nne!

Jamani. Mtu aliyemzika baba mdogo kwa sentensi tatu, ananiletea kurasa nne. Nilihisi kicheko kinanipanda kutoka tumboni, nikakimeza. Nikavuta kiti, nikakaa, nikakunja mikono.

"Soma," nikamwambia. Lilikuwa neno langu la kwanza kwa siku tatu.

Akasafisha koo.

"Mguu," nikasema.

"Nini?"

"Si unaujua utaratibu? Inua mguu. Unashusha kwenye nukta."

Aliniangalia akidhani natania. Mimi ninapotania huwa nasema mengi. Akauinua. Mwanamume wa miaka hamsini na mitatu, shati la kazini, viatu vimeng'arishwa, amesimama mguu mmoja kwenye baraza, na muuza mkaa upande wa pili wa barabara amesimamisha biashara. Akaanza:

"Mke wangu mpenzi, mwenzangu wa miaka yote hii ya tabu na raha, ninakuandikia kwa moyo uliojaa majuto yasiyo na kifani, nikitambua kwamba kitendo nilichokifanya siku ya Jumapili mchana, nikiwa na akili zangu timamu ingawa pengine sikufikiri kwa kina kama ilivyonipasa, hasa nikizingatia kwamba mkasi huo uliachiwa na marehemu bibi ambaye..."

Kwenye "ambaye" alianza kuyumba. Kwenye "pamoja na hayo" mkono mmoja ukaenda hewani. Nukta haionekani hata kwa mbali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwalimu alikwenda mzima mzima, akaangukia sanamu yangu ya kuvalisha magauni, wakalala wote wawili juu ya satini ya watu.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashikilia meza. Muuza mkaa alicheka, wapita njia wakacheka bila kujua sababu. Mwalimu alikaa palepale chini, pini moja imemwingia kwenye mkono wa shati, na alipoona kicheko hakiishi, akazikunja zile kurasa nne akazitia mfukoni.

"Samahani," akasema akiwa chini. "Nimekuharibia mkasi. Sikutaka kukuwekea wino mwekundu."

Kicheko kikanikatika.

"Wino gani?"

"Kwenye daftari lako. Wanafunzi nawachora, wamezoea. Wewe uliandika kurasa kumi na moja kwa mkono wako. Nikaona nikichovya wino mwekundu mle nitakuwa nimekuumiza. Nikasema nizitoe zile sentensi nzuri tu, nizipange, usione kilichokatwa. Mkasi wangu wa shule ulikuwa butu. Wako ulikuwa mezani."

Nilimpa mkono akainuka. Nikamchomolea ile pini.

"Na wewe mwenyewe ulijikata kwa nini? Nimeviona vile vipande. Vyote kumi na vitatu."

Akafuta vumbi kwenye suruali kwa muda mrefu kuliko vumbi lenyewe. "Ni maneno mia mbili na hamsini, Fundi. Nafasi ndogo. Wa kwanza kutoka ni yule asiyeomba kazi."

"Kalete chai," nikamwambia. "Na usisogee mezani kwangu mpaka kesho."

Niliibandua ile insha yote. Nikaipanga upya kwa namna ninayoijua mimi, kama ninavyotandika vipande vya gauni, nikijiuliza kila kimoja: wewe unakaa wapi mwilini? Kisichokuwa na mahali pa kukaa, kando. Mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu: nikakata. Hata mwizi akiomba kazi huandika hivyo. Uzoefu mkubwa: nikatoa "mkubwa," miaka thelathini wataipima wenyewe. Nilikata mpaka mahali pakaniuma, mama yangu nikampunguza kutoka mstari mmoja hadi maneno manne, naye marehemu anisamehe. Nafasi ikapatikana. Nikachukua kipande kimoja katika vile kumi na vitatu, nikakiweka mwisho kabisa. Mwalimu alikuwa anapitapita mlangoni, anakohoa, anauliza kama nahitaji kamusi. Sikumwonyesha.

Ijumaa saa tisa nilikuwa dirishani kwa karani wa chuo. Karani yule, msichana mwenye miwani, aliyahesabu maneno kwa ncha ya penseli, moja moja, midomo ikimcheza. Mimi jasho linanitoka mgongoni. Alipofika mwisho akainua kichwa. "Mia mbili hamsini," akasema. "Mama, wewe ndiye wa kwanza ambaye hajazidisha."

Siku kumi na sita nikasubiri. Nilishona mikono ya gauni kinyume mara mbili. Siku ya kumi na saba Mwalimu alipitia posta, akaja na bahasha, akanikabidhi kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua tatu akasimama kama mtu anayesubiri daktari atoke chumba cha upasuaji. Niliifungua kwa mkasi wake wa shule.

"Umekubaliwa. Fika Jumatatu saa mbili asubuhi na mkasi wako." Hayo yalikuwa ya mashine. Chini, mkuu wa chuo alikuwa ameongeza kwa mkono wake: "Wasichana wetu wengi waliacha shule mapema. Wafundishe hivyo hivyo ulivyofundishwa."

Nilipiga kigelegele mpaka muuza mkaa akavuka barabara. Mwalimu aliisoma barua, akaisoma tena, uso umemng'aa. "Tazama," akasema, "tazama ilivyoandikwa! Hakuna hata neno la kuondoa!" Halafu akatulia kwenye yale maandishi ya mkono. "Hivyo hivyo ulivyofundishwa," akasoma taratibu. "Fundi, uliwaandikia nini?"

Nikamtolea nakala kwenye droo ya vifungo. Akakaa mlangoni pake. Kwa mazoea, kalamu nyekundu ikatoka mfukoni yenyewe, ikashuka na mistari, na mara hii haikugusa kitu mpaka mwisho. Mwisho nilikuwa nimeandika hivi:

"Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka ishirini na miwili, mezani pa cherehani, kwa mume wangu, naye hakunicheka hata siku moja. Nataka kufundisha hivyo."

Macho yakamjaa, akayafuta kwa mkono wa shati bila kujificha. Kisha akakohoa.

"Mwalimu," akasema. Nikageuka kutazama ni nani aliyekuja, halafu nikaelewa kwamba ananiita mimi. "Hapa kuna maneno matatu ya kukata."

"Yapi?"

"'Hata siku moja.' Si kweli. Kuna siku nilicheka. Siku ile ya kwanza uliposoma mwenyewe, 'Mpenzi wangu, nyota ya moyo wangu,' ukainua macho ukaniuliza, 'Huyu ni nani?' Nilikwambia nakwenda kuchota maji."

"Ndoo uliiacha ndani," nikamwambia. "Nilikuona dirishani, umeshikilia nguzo ya kamba ya nguo, mabega yanakutikisika. Ulicheka mpaka ukachuchumaa."

"Ulijua? Sasa kwa nini ukaandika hivi?"

"Kwa sababu ulitoka nje."

Alitazama zile sentensi tena. Akaifunika kalamu, akairudisha mfukoni, akanisogezea kiti.